Sungura Waliomshikilia Baba

Feruzi amekufa, na watu wamemlilia. Nilikwenda mazikoni kama wengine, nikakaa upande wa wanawake, nikamsikia mzee mmoja akisema marehemu alikuwa mtu wa watu, mpishi wa Wadachi kisha wa Waingereza, hakuna aliyegombana naye akabaki na kinyongo. Nikainamisha kichwa. Mwenzangu akadhani nalia, akanishika bega. Sikuwa nikilia. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule wa mtu aliyesubiri sana kusema jambo, na siku ya kulisema ikifika anakuta anayeambiwa ameshafunikwa udongo.

Basi nimerudi nyumbani, nimekaa. Herufi nilifundishwa ukubwani na katekista, kwa hiyo msitafute maandishi mazuri hapa. Nataka tu kuwataja watu. Feruzi mpishi. Mbaruku akida. Na Mzungu mmoja wa stesheni ambaye jina lake halikutamkika midomoni mwetu, tukamwita Bwana Saa, maana kila akiambiwa jambo aliitoa saa mfukoni akaitazama kwanza, kama vile saa ndiyo itakayompa jibu. Hao watatu ndio waliomtoa baba yangu. Na katikati yao walikuwapo sungura.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka Dodoma ile. Reli ilikuwa bado ngeni, wazee walikuwa wakiiruka bila kuikanyaga. Nyumba za Wazungu zilikuwa chache pale stesheni, zimepakwa chokaa, na sisi tulikaa upande wa Makole, na Makole ilikuwa vichaka na matembe mawili matatu, ng'ombe wakilala chini ya dari moja na watu. Baba yangu, Ndahani, alikuwa akipeleka maziwa jikoni kwa Bwana Saa. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na mikono. Ndama akizaliwa vibaya aliitwa yeye. Mbuzi akivimba tumbo aliitwa yeye. Alikuwa akimshika mnyama kwanza, kimya, mpaka mnyama anaacha kutetemeka, ndipo anaanza kumtazama.

Siku hiyo sungura waliteremshwa kwenye gari moshi ndani ya kasha la mbao lililojaa majani makavu. Walikuwa wa mke wa Bwana Saa na binti yake mdogo tuliyemwita Bibi Mdogo. Sisi sungura tunawajua wa porini, wembamba, rangi ya vumbi, ukimwona ameshapotea. Hawa walikuwa weupe kama unga, wanene, macho mekundu. Wapagazi wa stesheni walikataa kuwashika. Baba alikuwa amesimama na kibuyu chake cha maziwa. Akakiweka chini, akatia mkono kwenye kasha, akamtoa mmoja, akamweka kifuani. Sungura akatulia. Bibi Mdogo akapiga makofi. Bwana Saa akatazama saa. Kuanzia siku ile baba akawa mtu wa sungura.

Mimi niliyaona yale macho mekundu nikadhani wamelia sana njiani. Nilikuwa mtoto, nikawaonea huruma kwa kuachwa na mama zao. Nilimfuata baba kila asubuhi nikiwa nimebeba mchunga na majani ya kunde, nikawapitishia kwenye fito za banda, nikawa nawabembeleza kwa Kigogo, wao wakitafuna tu.

Halafu vita ikaja. Sisi watoto hatukuiona kwa bunduki, tuliiona kwa wanaume kupungua. Akida Mbaruku alipita tembe kwa tembe na askari nyuma yake, akinyoosha kidole. Aliyenyooshewa alikwenda kubeba mizigo, Kondoa, Kilimatinde, kokote. Jirani yetu alinyooshewa akiwa anakula, hakumaliza hata tonge. Hakurudi. Kaka yake alikwenda kumuulizia, naye hakurudi.

Siku walipofika kwetu baba alikuwa ameketi nje akichonga mpini wa jembe. Mbaruku alikuwa mtu mnene wa pwani, kanzu safi, daima ana harufu ya karafuu. Akamtazama baba juu chini kama anayetazama fahali mnadani.

"Huyu vipi?" akamuuliza askari.

"Huyu ana sungura wa Bwana Saa."

"Haya, sungura!" Mbaruku akacheka, akatema mate. "Mshukuru sungura, we Mgogo. Wenzio wanaye Mungu, wewe una sungura." Akapita.

Mama alikuwa ndani, alikuwa ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili. Walipokwisha kwenda akaja, akanikalisha, akaniambia, "Nyemo, usiwachezee wale sungura tena. Usiwaudhi. Wale ndio wanaomshikilia baba yako."

Nami nikamwelewa kama mtoto anavyoelewa. Kwangu mimi wale sungura walikuwa wakubwa wa serikali. Niliona kuwa wana cheo kumzidi akida, kwa sababu akida alipotajiwa jina lao aliondoka. Kwa hiyo kesho yake nilipofika bandani nikapiga magoti, nikasema, "Shikamooni." Neno lile nilikuwa nimelisikia kwa Feruzi, sisi kwetu tulikuwa tunasalimiana mbukwa tu.

Feruzi alikuwa akimwaga maji nje ya jiko. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Njooni mwone! Mtoto wa Ndahani anawaamkia sungura! Huyo dume mkubwa usimwamkie, mpigie saluti. Huyo ni ombasha, mkubwa wa askari."

Jina likamshika. Ombasha. Hata baba, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, alilichukua, akamwambia mama, "Ni kweli ni ombasha. Anauma kabla hujamuuliza." Askari wenyewe wangelisikia tungepigwa viboko, kwa hiyo tulilitamka chinichini, tukicheka. Ulikuwa mzaha wetu pekee mwaka ule.

Feruzi alikuwa mwembamba, mcheshi, mkono wake mwepesi kutoa. Alinipa maganda ya mkate. Jikoni kwake, nyuma ya magunia ya unga, kulikuwa na kijana aliyelala daima. Nilidhani ni mgonjwa. Aliitwa Juma, mtoto wa dada yake Feruzi, ametoka Morogoro. Kila Mbaruku alipokuja kumsalimu mpishi, Juma alijifunika gunia, na Feruzi alichinja kuku. Nilifikiri kuku ni dawa ya Juma, nikashangaa kwa nini dawa inaliwa na akida. Leo ninajua. Kijana alikuwa amefichwa asinyooshewe kidole, na kuku ndiye aliyekifunga kile kidole. Lakini kuku nao wana mwisho wao.

Mvua zilipokwisha, sungura wakaanza kujikuna. Kwanza baba akaona viroboto. Hilo halikumtisha, mtu wa tembe anajua viroboto, anajua papasi, anajua kupe. Alitoa majani yote ya kulalia akayachoma. Akakwangua sakafu ya banda, akaisiliba kwa samadi mbichi na majivu kama tunavyofanya nyumbani, akaiacha jua liipige. Kisha akamchukua sungura mmoja mmoja, akampaka majivu laini yaliyochekechwa, akamchana kwa kitana cha mti cha mama. Viroboto walidondoka kama pumba. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaponda kwa kucha, na nilikuwa hodari.

Viroboto wakaisha. Ila Ombasha akaendelea kutikisa kichwa. Alitikisa, akakuna kwa mguu wa nyuma, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza habari mbaya. Na akauma zaidi. Zamani aliuma vidole tu, kidogo, kama anayeonja. Sasa aliuma kwa nia. Mtu akinyoosha mkono kumbeba, alikuwa ameshamvamia. Na nieleze hapa kwamba tulimbeba kwa masikio, wote, kwa sababu Bwana Saa alimbeba hivyo, nasi tukadhani ndiyo desturi ya sungura wa Kizungu. Ng'ombe ana pembe, sungura ana masikio, unashika kinachoshikika.

Siku moja Bibi Mdogo alitaka kumpakata. Baba alimzuia, lakini hakuwa na lugha, na mtoto wa Mzungu hazuiwi. Alimshika masikio akamvuta. Ombasha akamng'ata kidole mpaka damu ikamwagikia gauni jeupe. Mtoto alipiga kelele, mama yake akaja mbio, Bwana Saa akaja akitembea. Hakupiga mtu. Afadhali angepiga. Akaitoa saa, akaitazama, akasema maneno machache, akamwashiria Feruzi ayafasiri.

Feruzi akasema, "Bwana anasema, sungura akiuma tena, mwenye sungura atakwenda kubeba mizigo."

Hivyo ndivyo Feruzi alivyofasiri. Kama Bwana Saa alisema hivyo hivyo, sijui mpaka leo. Hatukuwa na mwingine wa kumuuliza.

Baba alibaki amesimama pale na majani ya kunde mkononi. Watu wa jikoni walikuwa wamekusanyika, mpiga pasi, mchota maji. Feruzi, pengine kutaka kuwachekesha, pengine kwa nia yake, akasema, "Sasa unanuna nini, Ndahani? Ninyi Wagogo si mnang'oana meno? Mng'oe na huyo. Awe ndugu yenu, ataacha kuuma."

Wakacheka. Mpiga pasi akaongeza, "Na masikio mtoboe, mumtie kigingi, mtamwoza binti!" Wakacheka tena.

Baba hakucheka. Na njiani kurudi nyumbani alitangulia, mimi nyuma, hakugeuka hata mara moja.

Wa rika langu hamhitaji kuelezwa, lakini watoto wa siku hizi hawajui. Sisi tuling'olewa meno mawili ya mbele, ya chini. Ndiyo alama ya Mgogo. Mwenye meno yote alichekwa kuwa anafanana na punda. Mimi nilikuwa nimeng'olewa kiangazi kilichopita, na mjomba wangu Malogo, kaka yake mama, aliyetoka kwao Kibakwe na kichuma chake kidogo chenye ncha bapa. Alinikalisha baina ya magoti yake, akaniambia, "Meno haya ya chini ndiyo ya hasira. Yakitoka, mtu anatulia." Alisema hivyo kunituliza, nadhani. Nilisukutua maji ya majivu siku nyingi, mdomo umevimba.

Sasa, mimi nilikuwa mtoto wa kung'ata. Niliwang'ata binamu zangu, nilimng'ata hata bibi. Na baada ya kung'olewa, kweli, niliacha. Ufizi uliniuma, nani angeng'ata? Lakini baba aliliona jambo hilo, akaliweka moyoni kama anavyoweka mtu wa wanyama kila analoliona. Jioni ile akamwambia mama, "Nyemo aliacha kuuma."

"Nyemo ni mtu," mama akasema.

"Aliacha au hakuacha?"

"Aliacha."

"Basi."

Mama akarudi kukoroga chungu. Alikuwa amekwisha kusikia habari za Kondoa, za watu wanaolala barabarani na mzigo juu yao. Pengine naye alitaka iwe kweli.

Mjomba Malogo akaitwa. Walifanya kazi ile mchana, wakati gari moshi linaingia na Bwana Saa yuko stesheni na saa yake. Baba alimviringisha Ombasha kwenye kaniki, kikabakia kichwa tu. Alimshika kifuani, kimya, mpaka akaacha kutetemeka, kama kawaida yake. Mjomba akasema, "Nimeng'oa watu, sijang'oa kitoweo." Baba akamwambia, "Fanya." Nami nikiwa nimechuchumaa nikamwambia Ombasha pole, nikamwambia haichukui muda, ukimaliza utakuwa mtu wa kwetu, na wewe mkubwa ukiwa mtu wa kwetu akida hatakuja tena.

Sikujua kuwa sungura ana sauti. Anayo. Ni sauti ya mtoto.

Mama alisikia, akaja kutoka kisimani na mtungi wake. Aliona damu, akawasukuma wanaume wawili wale kama mbuzi, akaketi chini, akampakata Ombasha kichwa magotini, kama alivyonipakata mimi kunitafuta chawa. Akamfuta mdomo. Na mikono ya mwanamke anayetafuta chawa haitulii. Akapekua nyuma ya shingo, akapekua utosini, akaligeuza sikio.

"Ndahani," akasema. "Njoo utazame."

Ndani ya sikio kulikuwa na gamba, nene, la kahawia, limepandana tabaka juu ya tabaka kama ukoko wa chungu. Alipoligusa kwa ncha ya kidole Ombasha alirusha miguu yote. La pili hivyo hivyo.

"Ni upele," mama akasema. "Wadudu wamo humu. Ninyi mnamshika hapa, mnamvuta hapa, halafu mnashangaa anauma? Mngenishika mimi penye jipu ningewang'ata pia, na meno sina."

Baba akakaa chini. Alikuwa amemtazama mnyama yule mwili mzima, unyoya kwa unyoya, ila mahali pa kushikia hakupatazama, maana mkono wa Mzungu ulikuwa umepita pale kwanza, naye akaamini pako sawa. Mjomba akafuta kichuma chake kwenye nyasi. "Haya," akasema, "yameshatoka. Meno hayarudi."

Tulimtibu kwa mafuta ya nyonyo. Mama aliyakamua mwenyewe, akayapasha kidogo, akayadondoshea sikioni kwa unyoya wa kuku, akalisugua sikio kwa nje taratibu, akakataza mtu kubandua gamba. "Liache lilowe. Litashuka lenyewe." Akarudia, akarudia tena, kila baada ya siku kadhaa, na majani ya kulalia yakichomwa kila mara. Gamba likashuka vipande vipande, chini yake ngozi ya waridi kama ya kitoto kichanga. Sungura wengine nao walikuwa wameanza kuugua, wakatiwa mafuta. Na hakuna aliyebebwa kwa masikio tena. Baba aliwaonyesha watu wa jikoni, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya matako.

Ombasha akaacha kuuma. Akawa mpole hata ikawa kama si yeye. Bibi Mdogo alimbeba huku na huku amemvika utepe. Bwana Saa akampa baba kopo la sukari. Sisi nyumbani tulilamba ile sukari kwa vidole, na baba na mama wakawa wanabishana kwa furaha.

"Ni masikio," mama anasema.

"Au ni meno," baba anajibu.

"Masikio, we mbishi."

"Sawa, masikio. Na meno kidogo."

Nimeishi miaka mingi na nimeona mengine, njaa ile ya mtunya iliyofuata, maiti njiani. Lakini nikilala nikitaka kukumbuka wazazi wangu, nawasikia wakibishana hivyo.

Meno ya sungura hayasimami. Hilo hatukulijua, mtu wa ng'ombe angelijuaje? Jino la ng'ombe linalika. La sungura linakua kila siku, na la juu husagwa na la chini. Ombasha hakuwa na la chini. Kidogo kidogo ya juu yakarefuka, yakapinda kuelekea ndani kama pembe za beberu. Akawa anashindwa kukata jani. Baba akamsagia majani kwenye jiwe, akamkorogea uji wa uwele, akamlisha kwa kidole. Na alitafuta kinoo kidogo, akawa anayasugua yale meno yasifike kwenye ufizi. Alifanya hivyo nyuma ya banda. Ndipo Feruzi akamkuta.

"Unafanya nini?"

Baba hakujua kusema uongo. "Nayapunguza. Ya chini tuliyang'oa."

"Mliyang'oa?"

"Si wewe uliyesema?"

Feruzi alimtazama, kisha akacheka, akampiga bega. "Ndahani, Ndahani! Wewe ni mtu wa ajabu." Akaingia jikoni akatoka na kipande cha mkate, akampa. Baba akaukata nusu, akanipa. Nilimpenda Feruzi siku ile.

Baada ya hapo Mbaruku akaja. Hakukuwa na kuku. Nilimwona Feruzi akimfuata akida mpaka kwenye tangi la maji, wakisimama, Feruzi akiongea kwa mikono yote miwili. Mbaruku akasema kwa sauti, bila kujali nani anasikia, "Mimi nataka kichwa kimoja kutoka nyumba hii. Chako, chake, si shauri langu." Akapandisha kanzu akaondoka.

Nami nikawaza, kichwa! Nikadhani anataka kichwa cha sungura apikiwe.

Kesho yake asubuhi Bwana Saa alikuja bandani na Feruzi nyuma yake. Akamtoa Ombasha, kwa masikio, akamfungua mdomo kwa kidole gumba. Akatazama. Kisha akamwashiria baba asogee. Baba akasogea. Bwana Saa akamwashiria afungue mdomo, naye akafungua, mtu mzima mbele ya mtoto wake, akafungua mdomo kama punda anayetazamwa umri. Bwana Saa akatazama pengo la sungura, akatazama pengo la baba. Kitu kama kicheko kikampita usoni. Akaitoa saa.

Alisema maneno marefu. Feruzi akayafupisha. "Bwana anasema, utakwenda Kondoa."

"Mwambie masikio yamepona," baba akasema.

Feruzi akasema neno moja au mawili.

"Mwambie hawaumi tena. Mwambie ni wewe uliyesema meno."

"Nimwambie nini, Ndahani? Utani wa jikoni?" Hakumtazama usoni. "Usiniharibie. Nina mtoto wa dada yangu humu ndani."

Huo ndio ukweli wake, na niliusikia kwa masikio yangu. Nimeutafuna miaka yote hii. Najua alikuwa na Juma wake. Lakini Juma alikuwa mmoja na sisi tulikuwa watatu, na mama alikuwa na mimba. Sipimi zaidi ya hapo. Kabla ya jua kupanda sana Juma alitoka nyuma ya magunia, unga nyweleni, akapewa ufunguo wa banda.

Waliwapanga wapagazi karibu na reli. Baba alikuwa na kasha la bati kichwani, limeandikwa maandishi asiyoweza kuyasoma, na mimi siku hizo sikuweza pia. Mama alitaka kumpa kifurushi cha mtama wa kukaanga, askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki. Mstari ukaanza kwenda. Baba alipotufikia hakugeuza kichwa, kasha lisianguke. Akasema kwa Kigogo, haraka haraka, "Yule jike mwenye doa, sikio la kushoto bado. Mafuta yasiwe ya moto sana. Na Ombasha, kinoo kiko juu ya paa la banda."

Basi. Ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia.

Mama aliyaelewa, nami niliyaelewa. Sungura wakiwa wazima, Bwana Saa ataona, atamkumbuka mtu wao, atamwita. Hivyo tulikwenda kila siku. Juma alituachia, aliwaogopa wale sungura, na alituonea haya pia, hakujua atazame wapi. Mama, tumbo limemjaa, alipiga magoti bandani akamtia jike mafuta sikio la kushoto mpaka gamba likashuka. Tulichoma majani. Tulichana viroboto. Mama alimsugua Ombasha meno, lakini hakuwa na mkono wa baba, na siku moja tulimkuta amelala ubavu, mwepesi kama kikapu. Mama akamzika nyuma ya banda. Akaniambia, "Tusimwambie baba yako mara akifika. Tumwache apumzike kwanza."

Kisha tukaanza kusikia mizinga upande wa Kondoa, kama radi ya kiangazi. Mke wa Bwana Saa na Bibi Mdogo wakapandishwa gari moshi wakaenda Tabora. Vyombo vya nyumba vikaanza kufungwa makashani. Sisi tuliendelea kwenda.

Asubuhi moja banda lilikuwa wazi. Ngozi nyeupe zilikuwa zimetandazwa kwenye ukuta wa jiko, zimewambwa kwa vijiti, na ile yenye doa ilikuwa katikati. Juma alikuwa ameketi kizingitini, mikono magotini. Feruzi akatoka, ameshika bakuli la bati lenye mvuke.

"Mama Nyemo," akasema, "Bwana anahama leo. Sungura hawapandi gari." Akangoja. "Chukua, dada. Mtoto asilale njaa. Ndahani ndiye aliyewanenepesha, ni haki yake."

Nyumbani tulikuwa tumekula majani matupu siku nyingi. Mama alilitazama lile bakuli. Nilidhani atalimwaga, nilitaka alimwage, na nilikuwa namtazama mdomo wake nikiomba asilimwage. Akaketi chini palepale, akanigawia paja, akachukua na yeye. Tulikula mpaka mifupa. Akaenda kuliosha bakuli kwa mchanga na maji, akamrudishia Feruzi kwa mikono miwili, akasema ahsante.

Njiani nikamuuliza, baba anarudi lini. Tangu aondoke nilikuwa nauliza kila siku, na kila siku mama alinijibu, kesho, keshokutwa, mwezi ukiandama. Siku ile alitembea tu. Nilimuuliza tena, akaendelea kutembea. Basi nikanyamaza, na sikumuuliza tena.